Neno "Net": Wavu, Neti, na Kilo Zinazobaki

Somo la Kiingereza kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kufungua redio, andika ubaoni maneno haya matano: net, neat, nut, not, note. Weka mbele ya wanafunzi kipande cha wavu, gunia tupu, na kopo au pakiti yoyote yenye maandishi ya Kiingereza. Kama darasa lina mizani ndogo ya dukani, iletwe.

 Natumaini kila mtu amekwisha kaa, na kalamu ziko tayari. Wale walio mwaloni nao wasogee karibu na redio, maana somo la leo ni lao hasa.

Leo tutajifunza neno moja tu la Kiingereza. Neno lenyewe ni fupi, lina herufi tatu: n, e, t. Huandikwa net. Mtu akilitazama ataona ni jambo dogo, hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Lakini neno hili limeandikwa juu ya pakiti za maziwa, juu ya makopo ya samaki, katika karatasi za mizani, katika hati za mishahara, na juu ya mifuko ya vyandarua. Na kila mahali lina kazi yake. Asiyeijua kazi hiyo huweza kupata hasara bila kujua hasara imeingilia wapi.

Nitawaeleza kisa kimoja. Katika darasa moja la jioni nililolitembelea, kandokando ya ziwa, palikuwa na mama mtu mzima anayefanya biashara ya dagaa wakavu. Huwanunua kisiwani, huwatia katika magunia, akawapeleka mjini kuuza kwa kilo. Siku moja alipewa karatasi ya mizani. Hakujua Kiingereza, akampa mjukuu wake amsomee. Mjukuu akaona neno net, akasema, "Bibi, hapa wameandika wavu, kilo 160."

Mama akashangaa. "Wavu? Mimi sivui. Nimepeleka dagaa. Bila shaka wamenipa karatasi ya mtu mwingine." Akarudi kwa mnunuzi, akadai karatasi yake. Karani akacheka, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka pia. Mama akaona haya. Tangu siku ile kila akipewa karatasi huikunja na kuitia mkobani bila kuitazama.

Je, mjukuu alikosea? Ndiyo na siyo. Ni kweli kwamba net maana yake ni wavu. Lakini siyo katika karatasi ile. Tutarudi kwa mama huyu baadaye, maana karatasi yake ilikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyeliona siku ile, wala karani hakulisema.

SEHEMU YA KWANZA: KULITAMKA NENO

Kwanza tuliseme neno lenyewe. Sikilizeni: net. Mara nyingine: net. Sasa semeni pamoja nami.

(Kimya kidogo. Wanafunzi waseme.)

Nadhani wengi wenu mmesema "neti." Hilo si ajabu. Lugha zetu nyingi za huku, Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza na Kihaya, na Kiswahili chenyewe, hupenda neno liishe kwa sauti ya a, e, i, o au u. Ndiyo maana maneno ya Kiingereza yalipoingia kwetu tuliyapa mikia. Wao wana neno linaloishia kwa t, nasi tukasema koti, shati, tiketi, noti. Na net yao tukaiita neti. Katika Kiswahili hayo ni maneno sahihi kabisa, wala mtu asiyaonee haya. Lakini leo tunasema Kiingereza, na katika Kiingereza mkia ule haupo.

Fanyeni hivi. Pigeni makofi kwa kufuata silabi. Tukisema ne-ti tunapiga makofi mawili. Tukisema net tunapiga kofi moja. Haya, jaribuni: kofi moja, neno moja, net.

(Wanafunzi wapige kofi na kusema, mara tano.)

Kama mkia bado unatokea, tumieni njia hii. Anzeni kusema silabi mbili, "ne-ta." Ulimi ukishagusa juu, nyuma ya meno, kwa ajili ya ile t, simamisheni pumzi. Msiendelee kwenye a. Pale pale ulimi uliposimama ndipo neno la Kiingereza linapokwisha.

Kama darasani mna ndugu Mjaluo kutoka Rorya au Shirati, mwambieni aseme jina la nyumba kwa lugha yake. Atasema ot. Sikilizeni mwisho wa neno hilo: hakuna mkia. Kwa hiyo Mjaluo hapati taabu sana na t ya mwisho, naye anaweza kuwasaidia wenzake. Katika ziwa letu kila kabila lina jambo la kumfundisha jirani yake.

Sasa tutazame sauti ya katikati, yaani e. Ni e fupi, ya haraka, isiyovutwa. Hapa pana hatari, maana ukibadili sauti ya katikati neno linakuwa jingine kabisa. Tazameni yale maneno matano ubaoni.

La kwanza, net, hutamkwa kwa e fupi. Ndilo neno letu la leo.

La pili, neat, hutamkwa kana kwamba tungeandika "niit," kwa i ndefu. Maana yake ni nadhifu, -enye mpango mzuri. Nyumba iliyofagiliwa na vyombo vikapangwa ni neat.

La tatu, nut, hutamkwa kwa sauti iliyo karibu na a fupi. Fundi wa baiskeli huijua: ni ile nati ya kukazia bolti. Tena neno hilo hilo ni jina la tunda kavu lenye ganda gumu, kama korosho.

La nne, not, lina o fupi, nalo ni neno la kukanusha, yaani "si."

La tano, note, lina sauti ya o inayoelekea kwenye u. Ni barua fupi au maandishi mafupi, na pia ni noti ya fedha.

Basi angalieni: neti, nati, noti. Sisi wenyewe tumeyachukua maneno haya matatu, na tumeyatenga kwa sauti ya katikati. Mtu akienda dukani kutaka nati ya baiskeli akaomba neti, atapewa chandarua. Na Waingereza vivyo hivyo: badili sauti ya katikati, na kitu chenyewe kimebadilika.

SEHEMU YA PILI: NET NI KITU KILICHOFUMWA

Maana ya kwanza ya net, na ndiyo ya zamani sana katika Kiingereza, ni wavu: nyuzi zilizofungwa mafundo na kuacha matundu katikati. Wavuvi hamhitaji maelezo yangu. Mnazo nyavu za makila za kutega sangara na sato, na mnazo nyavu za matundu madogo za kuvulia dagaa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Zote hizo Mwingereza huziita kwa neno moja, net. Akitaka kueleza zaidi huweka neno jingine mbele yake: fishing net, wavu wa kuvulia.

Kumbe hata kokoro nalo ni net, ingawa sheria hairuhusu kulitumia katika ziwa letu, maana hukokota kila kitu mpaka pwani, samaki wakubwa na watoto wao, na huharibu mazalio.

Maana ya pili imetoka katika hiyo ya kwanza. Kitambaa chenye matundu madogo sana, kinachopitisha hewa lakini hakipitishi mbu, nacho huitwa net. Kwa ukamilifu ni mosquito net, wavu wa mbu, yaani chandarua. Sisi tumelifupisha tukasema neti. Juu ya mfuko wa chandarua chenye dawa mara nyingi utakuta maneno insecticidal net, maana yake neti yenye dawa ya kuua wadudu. Ukikipata kipya, kitandaze kwanza kivulini kwa siku moja nzima, saa 24, kabla ya kulalia. Usikianike juani, kwa sababu jua hupunguza nguvu ya dawa.

Hapa yapasa niseme neno moja, kwa sababu Mwingereza ana jina moja kwa vitu hivi viwili, lakini kazi zake hazipaswi kuchanganywa. Chandarua si wavu wa kuvulia. Matundu yake ni madogo mno, hukamata hata samaki waliotoka kwenye yai juzi. Anayevulia chandarua anavunja sheria, na anapoteza mara mbili: watoto wake wanalala bila kinga ya malaria, na mwakani ziwa halitakuwa na samaki wa kumlisha.

Maana ya tatu mnaijua uwanjani. Nyuma ya goli pana wavu. Huo nao ni net. Katika mchezo wa pete, wasichana hutupia mpira ndani ya pete ambayo mara nyingi huning'inizwa wavu, na ndiyo maana mchezo huo kwa Kiingereza huitwa netball, nasi tukasema netiboli.

Maana ya nne ni mpya zaidi. Tazameni wavu uliotandazwa juu ya mchanga. Kila uzi umefungwa na mwingine kwa fundo, na ukivuta upande mmoja, upande wa pili unatikisika. Waingereza wakaona mfano huo unafaa kwa njia zilizounganika: barabara, reli, nyaya za simu. Wakaita mpango wa namna hiyo network. Ndilo neno mnalolisikia kila siku mtu akiinua simu yake juu, akasema, "Huku netiweki hakuna." Na kompyuta za dunia nzima zilipounganishwa zikaitwa internet, yaani wavu wa nyavu zilizoungana. Kiswahili kimepata neno lake zuri, mtandao, kutokana na kutanda. Mwenye kutandaza wavu na mwenye kutumia mtandao, mfano wao ni mmoja.

Mpaka hapa maana zote ni za ukoo mmoja. Kuna nyuzi, kuna mafundo, kuna matundu. Kama neno lingekoma hapo, mjukuu wa yule mama angekuwa amesoma sawasawa.

SEHEMU YA TATU: NET NI KILICHOBAKI

Lakini Kiingereza kina net ya pili. Huandikwa vile vile, hutamkwa vile vile, lakini si ndugu ya ile ya kwanza. Ile ya kwanza ni ya Waingereza wenyewe tangu zamani. Hii ya pili ilitoka kwa Wafaransa, ambao neno lao net maana yake ni safi, kisichochanganyika na kitu. Na lile neno neat, nadhifu, lililo ubaoni, limetoka katika asili hiyo hiyo. Kwa hiyo net hii ni ndugu ya neat, wala si ndugu ya wavu. Pakiti nyingine huiandika kwa t mbili, nett, lakini maana ni moja.

Wafanyabiashara walilitumia neno hili kwa kitu kilichosafishwa, yaani kilichobaki baada ya kuondoa vyote visivyohusika. Kwa hiyo net weight ni uzito halisi wa mali yenyewe, bila gunia, bila sanduku, bila kopo.

Neno weight hutamkwa "weit." Zile herufi g na h hazisemwi kabisa. Mtu asiogope, Kiingereza kina herufi nyingi zinazokaa bila kufanya kazi, kama abiria asiyelipa nauli. Neno wait, lenye maana ya "ngoja," hutamkwa sawa na weight, ila huandikwa tofauti.

Net ina wenzake wawili ambao huonekana pamoja nayo katika karatasi ya mizani. Yaandikeni.

Wa kwanza ni gross. Hutamkwa karibu na "grous." Maana yake ni jumla, kitu pamoja na vyote vilivyomo. Gross weight ni uzito wa jumla: dagaa pamoja na magunia yake.

Wa pili ni tare. Kwa herufi zetu hutamkwa karibu na "tea," te-a, kwa haraka. Huu ni uzito wa chombo kitupu. Asili yake ni Kiarabu, neno la kitu kinachotupwa kando, likapita kwa wafanyabiashara wa Italia na Ufaransa mpaka likafika Uingereza.

Hesabu yake ni moja tu, nayo ishikeni moyoni: chukua gross, toa tare, inayobaki ni net.

Sasa turudi kwa yule mama. Jioni ile darasani alifungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Tuliinyosha mezani, na darasa zima likaja kuitazama. Imeandikwa hivi:

Gross weight: 168
Tare: 8
Net weight: 160

Tukasoma pamoja. Uzito wa jumla, kilo 168. Uzito wa vyombo, kilo 8. Uzito halisi wa dagaa, kilo 160. Mama akasema, "Kumbe karatasi ilikuwa yangu! Na mimi nilikwenda kugombana bure." Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Lakini mzee mmoja, mkulima wa pamba, hakucheka. Aliuliza, "Mama, ulipeleka magunia mangapi?" Mama akajibu, "Manne." Mzee akasema, "Basi kila gunia limehesabiwa kilo 2. Gunia gani hilo?"

Darasa likanyamaza. Mama akatuma mtoto nyumbani alete gunia tupu la namna ile ile. Tukaliweka juu ya mizani ndogo ya dukani. Hata nusu kilo halikufika.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kama gunia moja halifiki nusu kilo, magunia manne hayafiki kilo 2. Lakini zimekatwa kilo 8. Kwa hiyo mama alipoteza kilo zaidi ya 6 za dagaa wake katika safari ile moja. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kilo moja ni shilingi 5,000. Kilo 6 ni shilingi 30,000. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo haba na haba hukimaliza kibaba.

Angalieni jambo hili vizuri. Siku ile ya kwanza mama alihisi kwamba karatasi ile haikukaa sawa. Alikuwa na haki ya kuuliza. Kosa lake lilikuwa kuuliza juu ya neno lisilo lenyewe. Alishika net, na matata yalikuwa kwenye tare. Kwa sababu hakulijua neno alichekwa, na kwa sababu alichekwa akaacha kutazama karatasi, na kwa sababu aliacha kutazama, gunia likaendelea kupimwa kilo 2.

Safari iliyofuata alikwenda akasema kwa upole, "Naomba kwanza mnipimie gunia tupu." Karani akamtazama, akalipima. Magunia yalikuwa manne tena, na katika karatasi mpya, mbele ya neno tare, paliandikwa tarakimu 2.

MIZANI NA HISTORIA YA HUKU KWETU

Wakulima wa pamba mnaonisikiliza, jambo la mizani si geni kwenu. Baba zenu walilijua. Katika miaka ya baada ya vita vya pili vya dunia, wakulima wengi wa Usukuma walilalamika kwamba mizani katika vituo vya kununulia pamba iliwapunja. Hawakuishia kulalamika. Walianza kuungana katika vyama vya ushirika, wakataka watu wao wenyewe wasimame penye mizani. Vyama hivyo vikaungana mwaka 1955 vikawa chama kikubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, chenye makao yake Mwanza, kikiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika.

Shina la jambo lile kubwa lilikuwa swali dogo: mzigo wangu una uzito gani kwa kweli? Ndilo swali ambalo neno net hulijibu.

Siku hizi iko Wakala wa Vipimo, idara ya serikali inayokagua mizani na kuitia alama. Mnunuzi mwenye mizani isiyokaguliwa anavunja sheria. Vile vile mnajua taabu ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi likashonewa kilemba juu. Lumbesa humpunja mkulima kwa sababu bei hutajwa kwa gunia, wala si kwa kilo. Dawa yake ni hiyo hiyo: pima kwa kilo, na uulize net ni ngapi.

NET KATIKA MSHAHARA NA KATIKA BIASHARA

Sasa tuache mizani, tutazame fedha. Mtu akiajiriwa, tuseme katika kiwanda cha samaki, mwisho wa mwezi hupewa hati ya mshahara. Huko nako atawakuta gross na net. Tuseme imeandikwa hivi: gross pay shilingi 400,000. Makato ya hifadhi ya jamii shilingi 40,000, kodi ya mapato shilingi 7,200, chama cha wafanyakazi shilingi 8,000. Jumla ya makato ni shilingi 55,200. Net pay ni shilingi 344,800.

Gross pay ni mshahara wa jumla, ule uliotajwa siku ya kuandikishwa kazi. Net pay ni ule unaoingia mkononi. Kijana akiambiwa mshahara ni shilingi 400,000, na aulize: "Ni gross au net?" Swali hilo si utovu wa adabu. Asiyeuliza hukopa kwa kutegemea gross, kisha akalipa kwa net, na mwisho wa mwezi hujikuta na deni.

Kadhalika katika biashara. Mama lishe akiuza chakula cha shilingi 60,000 kwa siku, hiyo si faida. Atoe bei ya mchele, samaki, mafuta, mkaa na ushuru. Kinachobaki ndicho net profit, faida halisi. Wengi wetu tunakula mauzo tukidhani tunakula faida, kisha tunastaajabu kwamba mtaji umekwisha.

Tena neno hili huweza kuwa tendo. Mwingereza akisema "He netted ten fish," maana yake alinasa samaki kumi kwa wavu. Akisema "He netted fifty thousand shillings," maana yake alibakiwa na shilingi elfu hamsini baada ya kutoa gharama zote. Mvuvi mmoja anaweza kufanya yote mawili asubuhi moja, nayo ni maneno mawili yenye sura moja.

Mwisho, shikeni ile pakiti au kopo lililo mbele yenu. Tafuteni maneno net weight. Kama imeandikwa 400 g, maana yake ndani mna gramu 400 za chakula, bila kopo lenyewe. Katika makopo ya samaki huenda mkaona pia drained weight, yaani uzito wa samaki peke yao baada ya kumwaga mchuzi au mafuta. Pakiti mbili huweza kuwa na ukubwa sawa na bei sawa, kumbe moja ina gramu 400 na nyingine 350. Macho huona boksi, net husema kilichomo.

JINSI YA KUJUA NI NET IPI

Mtauliza, "Mwalimu, neno moja, sauti moja, nitajuaje maana?" Tazameni majirani zake. Neno ni kama mtu. Ukitaka kumjua, angalia anakaa na nani.

Likikaa karibu na fish, mosquito au goal, ni wavu. Likikaa karibu na weight, pay, profit au price, ni kilichobaki baada ya kutoa. Likiungana na work au inter, ni mtandao.

Tena angalieni nafasi yake. Mara nyingi net ikiwa nyuma, kama katika fishing net, ni kitu chenyewe, wavu. Ikiwa mbele na kutengwa na jirani yake, kama katika net weight, inaeleza namna ya uzito. Kanuni hii haikosi mahali pa kuvunjika, lakini itawasaidia mara nyingi.

MAZOEZI

1. Semeni mara tatu, kwa kofi moja kila neno: net, neat, nut, not, note.

2. Semeni maana ya net katika maneno haya: mosquito net, net pay, a net full of fish, net weight 50 kg.

3. Magunia matano ya dagaa yana gross kilo 205. Gunia moja tupu lina uzito wa nusu kilo. Tafuteni tare, kisha net.

4. Kila mwanafunzi alete darasani karatasi moja ya nyumbani kwake, ya mizani, ya mshahara au ya pakiti, yenye neno net. Msomeeni mwenzenu.

Majibu ya swali la tatu: tare ni kilo 2 na nusu, net ni kilo 202 na nusu.

Wasikilizaji wapenzi, wakati wetu unakwisha. Mwaka 1968 mikoa hii ya ziwa ilianza mpango wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa hapa Mwanza, kwa msaada wa Unesco. Watu wazima walijifunza kusoma kwa maneno ya kazi zao wenyewe, kama vile pamba na uvuvi. Waliouanzisha waliona kwamba mtu mzima hasomi kwa ajili ya mtihani. Husoma ili kazi ya mikono yake isipotee njiani. Nasi tunafuata njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo mkipewa karatasi msiikunje. Inyosheni, isomeni, na penye shaka ulizeni, hata kama wa nyuma kwenye foleni watacheka. Kuuliza si ujinga. Na yule mama wa dagaa sasa ndiye anayewasomea wenzake karatasi zao pale mwaloni.

Kwaherini mpaka somo lijalo.